Sudoku Ngumu Hufumbuliwa kwa Kufuta

Kila mpenzi wa sudoku anaijua hatua hii. Namba rahisi zimeshaingia zote, jedwali limefika nusu, na penseli imesimama. Umepita mstari kwa mstari, safu kwa safu, boksi kwa boksi. Kila kichumba kilichobaki kinakubali namba mbili, tatu au nne, wala hakuna hata kimoja chenye jibu la wazi. Hapo wengi huona njia mbili tu: kulikunja gazeti na kuliweka pembeni, au kubahatisha namba moja na kuomba heri.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo inayowatofautisha wafumbuaji wa mafumbo magumu na wengine. Wao wakifika hapo huacha kuuliza namba ikae wapi, wakaanza kuuliza haiwezi kukaa wapi. Mbinu zote za juu za sudoku, pamoja na majina yake ya kutisha, ni njia tofauti za kujibu swali hilo moja. Bandu bandu huisha gogo: ukifuta uwezekano mmoja hapa na mwingine pale, kila ufutaji ukiwa na sababu yake, mwisho kichumba hubaki na namba moja, na namba hiyo ndiyo jibu.

Tukumbushane kanuni kwanza. Sudoku ina vichumba 81, katika mistari 9 inayolala na safu 9 zinazosimama. Vichumba hivyo hivyo vimegawanywa tena katika maboksi 9 yenye vichumba 9 kila moja. Namba 1 hadi 9 huingia mara moja tu katika kila mstari, kila safu na kila boksi. Sharti jingine husahauliwa mara nyingi: fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu. Katika makala haya mistari tunaihesabu kutoka juu kwenda chini, na safu kutoka kushoto kwenda kulia.

Vijinamba vya penseli

Sudoku rahisi inaweza kufumbuliwa kichwani. Ngumu haiwezekani hivyo. Kazi ya kwanza ni kuandika ndani ya kila kichumba kitupu, kwa maandishi madogo ya penseli, namba zote ambazo bado zinaruhusiwa kukaa humo. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ya kuchosha na ya wanaoanza. Ukweli ni kinyume chake: vijinamba hivyo ndivyo malighafi ya mbinu zote zinazofuata, na kijinamba kimoja kilichosahauliwa huharibu hoja nzima baadaye.

Andika vyote, kwa utaratibu, boksi baada ya boksi. Kila unapoingiza namba kamili, pitia mara moja mstari wake, safu yake na boksi lake, ufute kijinamba chake popote kilipo. Usiahirishe. Anayefuta kwa uaminifu hukuta baadhi ya vichumba vinajijibu vyenyewe kabla hajahitaji mbinu yoyote.

Ugumu unatoka wapi

Wengi hudhani fumbo huwa gumu kwa sababu namba zilizotolewa mwanzoni ni chache. Sivyo. Gordon Royle wa Chuo Kikuu cha Western Australia alikusanya karibu mafumbo 50,000 yenye namba 17 tu za kuanzia, na baadhi yake humalizika kwa mbinu za kawaida kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2012, Gary McGuire wa University College Dublin na wenzake walionyesha, baada ya kazi kubwa ya kompyuta, kwamba 17 ndiyo hesabu ya chini kabisa: hakuna fumbo la namba 16 lenye jibu moja tu.

Sasa chukua fumbo alilotunga Arto Inkala, mtaalamu wa hisabati wa Finland, ambalo mwaka huo huo wa 2012 lilitangazwa katika gazeti la Uingereza kuwa gumu kuliko yote duniani. Lina namba 21 za kuanzia, nne zaidi ya kiwango cha chini. Mstari wa kwanza una 8 peke yake, kwenye kona ya kushoto, na vichumba vinane vinavyofuata ni vitupu.

Tazama boksi la chini, la katikati. Namba 1 itakaa wapi humo? Mstari wa 7 una 1 tayari, kwenye safu ya 3. Mstari wa 8 unayo pia, kwenye safu ya 8. Safu ya 4 nayo ina 1 yake, kwenye mstari wa 6. Kwa hiyo 1 ya boksi hilo itakaa katika mstari wa 9, kwenye safu ya 5 au ya 6. Nafasi zimebaki mbili tu, na kwa kawaida habari kama hiyo huzaa matunda. Namba ikishabanwa katika mstari mmoja ndani ya boksi moja, haiwezi tena kukaa kwingine katika mstari huo, hivyo hufutwa katika maboksi ya jirani. Lakini hapa boksi la kushoto lina 1 yake na la kulia lina yake. Hakuna cha kufuta. Kichumba cha mstari wa 9, safu ya 5, kinaendelea kukubali namba sita: 1, 2, 3, 6, 7 na 8.

Jaribu namba 5 katika boksi la juu, la katikati. Inabanwa katika safu ya 5, nafasi mbili, na hakuna cha kufuta. Jaribu 8 katika boksi la kushoto, la kati. Inabanwa katika safu ya 2, nafasi mbili, na tena hakuna cha kufuta. Huo ndio ugumu halisi wa sudoku: kila unalogundua ni kweli, lakini halikusogezi mbele mpaka uliunganishe na jingine. Mbinu za juu ni ufundi wa kuunganisha.

Jozi zilizo wazi na zilizojificha

Anza na jozi. Katika boksi moja, vichumba viwili vina vijinamba 3 na 8 tu, basi. Hujui 3 iko kipi na 8 iko kipi, na kwa sasa huna haja ya kujua. Unachojua ni kwamba vichumba hivyo viwili vitazimaliza 3 na 8 zote mbili za boksi hilo. Popote pengine ndani ya boksi, futa 3 na 8. Kichumba kilichokuwa na 3, 6 na 8 sasa ni 6.

Jozi iliyojificha huhitaji jicho kali zaidi. Katika safu moja, kichumba cha kwanza kina vijinamba 1, 2, 5 na 7, na kingine kina 2, 4, 7 na 9. Vinaonekana vimejaa na havifanani. Lakini ukipitia safu nzima unakuta 2 na 7 hazipo mahali pengine popote ila humo. Basi vichumba hivyo viwili ni vya 2 na 7, na vijinamba vingine vyote ndani yake vifutwe. Katika jozi ya wazi unafuta nje ya vichumba viwili. Katika iliyojificha unafuta ndani yake.

Hoja hiyo hiyo hufanya kazi kwa namba tatu. Vichumba vitatu vya mstari mmoja vyenye 1 na 4, 4 na 9, 1 na 9, ni kundi kamili, ingawa hakuna hata kimoja chenye namba zote tatu. Watu wengi hulikosa kundi la aina hii kwa sababu wanasubiri kuona vichumba vitatu vinavyofanana.

Pembe nne

Jozi hukaa katika mstari mmoja, safu moja au boksi moja. Mbinu ambayo wachezaji duniani huiita X-Wing huunganisha mistari miwili iliyo mbali. Tuseme mstari wa 2 na wa 6 imefika hapa:

Mstari wa 2: 6 1 – 9 3 8 2 – 5
Mstari wa 6: 2 8 – 1 6 5 3 – 7

Mstari wa 2 umekosa 4 na 7. Mstari wa 6 umekosa 4 na 9. Katika yote miwili nafasi tupu ziko safu ya 3 na safu ya 8. Shika namba 4 peke yake, usahau zingine. Kama 4 ya mstari wa 2 iko safu ya 3, basi ya mstari wa 6 haiwezi kukaa safu hiyo, itakuwa safu ya 8. Kama ya mstari wa 2 iko safu ya 8, ya mstari wa 6 itakuwa safu ya 3. Hujui ni ipi kati ya hali hizo mbili. Lakini katika zote mbili, safu ya 3 inapata 4 yake kutoka mistari hiyo, na safu ya 8 vile vile.

Kwa hiyo kila kijinamba 4 kilichoko kwingine katika safu ya 3 na ya 8 kifutwe. Kama katika mstari wa 9, safu ya 8, palikuwa na 4 na 6, sasa ni 6. Umepata namba kamili katika mstari ambao hukuugusa kabisa, bila kujua 4 yenyewe iko wapi. Ukishaiona hoja hii ikifanya kazi mara moja kwa macho yako, sudoku hubadilika.

Mbinu hii hugeuzwa pia: unaanza na safu mbili, unafuta katika mistari. Na hupanuliwa: mistari mitatu ambayo namba fulani imebanwa katika safu zile zile tatu hutoa haki ya kufuta namba hiyo kwingine katika safu hizo. Si lazima kila mstari uwe na nafasi zote tatu. Mbili zinatosha, mradi zote ziwe ndani ya safu hizo tatu.

Namna ya kuitafuta ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chagua namba moja, hasa ile ambayo imeshaingia mara nne au tano, na upitie mistari ambayo haijaipata. Andika pembeni: mstari wa 2, safu ya 3 na ya 8, mstari wa 6, safu ya 3 na ya 8. Mfanano utauona katika karatasi mapema kuliko katika jedwali.

Bawaba

Mbinu inayofuata haitazami namba moja bali vichumba vitatu vyenye vijinamba viwili viwili. Kichumba cha katikati ndicho bawaba. Tuseme kiko mstari wa 5, safu ya 5, na kina 2 na 5. Katika mstari huo huo, safu ya 1, kuna kichumba chenye 2 na 9. Katika safu ile ile ya 5, mstari wa 8, kuna kingine chenye 5 na 9.

Fuata pande mbili. Bawaba ikiwa 2, kichumba cha safu ya 1 kitakuwa 9. Bawaba ikiwa 5, kichumba cha mstari wa 8 kitakuwa 9. Lazima kimoja kati ya vichumba hivyo viwili kiwe 9. Sasa tazama mahali ambapo safu ya 1 inakutana na mstari wa 8. Kichumba hicho kinaguswa na vyote viwili, kwa hiyo hakiwezi kuwa 9 kwa hali yoyote ile. Futa.

Ili kuzipata bawaba, zungushia duara kila kichumba chenye vijinamba viwili tu. Mafumbo mengi magumu yakifika katikati huwa na vichumba vya aina hiyo kadhaa, na duara hizo hukuonyesha wapi pa kutazama.

Rangi mbili

Wakati mwingine namba moja, tuseme 7, ina nafasi mbili tu katika mistari, safu na maboksi kadhaa. Chukua kalamu mbili za rangi. Nafasi ya kwanza ipake nyekundu, mwenzake buluu. Buluu hiyo ikiwa na mwenzake mmoja tu katika safu yake, huyo awe nyekundu, na uendelee hivyo mpaka mnyororo ukatike. Ama nyekundu zote ni 7, ama buluu zote ni 7. Hakuna la kati.

Matokeo ni mawili. Ukikuta nyekundu mbili katika mstari mmoja, safu moja au boksi moja, nyekundu zote ni uongo na buluu zote ni 7, na fumbo linaweza kufunguka kwa mkupuo. Au ukakuta kichumba cha nje kinachoguswa na nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine. Hicho hakiwezi kuwa 7, kwa kuwa rangi moja kati ya hizo ni kweli.

Kutegemea jibu moja

Tumesema fumbo zuri lina jibu moja tu. Sharti hilo nalo ni silaha. Tuseme katika mistari ya 1 na 2, safu ya 2 na ya 5, kuna vichumba vinne vinavyofanya pembe nne ndani ya maboksi mawili. Vitatu vina 1 na 9 tu. Cha nne kina 1, 6 na 9. Kama hicho cha nne kingekuwa 1 au 9, namba za vichumba vyote vinne zingeweza kubadilishana nafasi bila kuvunja kanuni yoyote, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Hilo haliruhusiwi. Basi kichumba cha nne ni 6.

Wapo wafumbuaji wanaoikataa mbinu hii. Wanasema mfumbuaji anapaswa kuthibitisha kwamba jibu ni moja, si kulichukua kuwa hivyo. Hoja yao ina uzito, hasa kwa mafumbo ya chanzo usichokiamini, kwa sababu fumbo bovu lenye majibu mawili litakupotosha. Kwangu mimi, jibu moja ni sehemu ya ahadi ya mtungaji kwa mfumbuaji, sawa na kanuni ya mstari na safu, na ahadi iliyotolewa ni halali kutumiwa.

Mnyororo si bahati nasibu

Kwa mafumbo kama la Inkala, mbinu zote hizo hazitoshi. Hapo ndipo minyororo mirefu inapoingia. Mahali pazuri pa kuanzia ni kichumba chenye vijinamba viwili. Katika fumbo hilo, kichumba cha mstari wa 8, safu ya 7, tangu mwanzo kinakubali 3 au 9 tu. Unauliza: kikiwa 3, nini kinafuata? Kikiwa 9, nini kinafuata? Njia zote mbili zikifikisha kichumba kingine kwenye namba ile ile, namba hiyo ni hakika. Njia moja ikigongana na kanuni, ya pili ndiyo ya kweli.

Kuna wasemao huku ni kubahatisha kwa jina zuri. Sikubaliani nao. Anayebahatisha huandika namba na kusonga mbele akitumaini. Anayefuata mnyororo hufuata pande zote mbili na haandiki chochote mpaka awe na uthibitisho. Andika mnyororo wako pembeni, hatua kwa hatua. Kama huwezi kuuandika, bado hujauelewa.

Kompyuta hailihitaji hilo. Programu ya kawaida hujaribu namba, ikigonga ukuta hurudi nyuma na kujaribu nyingine, na fumbo la Inkala humalizika kabla sekunde haijaisha. Katika mashindano ya dunia, yaliyoanza Lucca nchini Italia mwaka 2006, Jana Tylová wa Jamhuri ya Cheki akiibuka mshindi, hata mabingwa hujaribu namba pale saa inapowabana. Wewe uliye nyumbani na gazeti lako huna saa inayokukimbiza, na raha ya mchezo huu iko katika kujua kwa nini.

Ndivyo walivyouona waliouotesha. Fumbo lenyewe lilibuniwa na Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana nchini Marekani, na kuchapishwa na kampuni ya Dell mwaka 1979. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, chini ya Maki Kaji aliyefariki mwaka 2021, ililichukua na kulijengea utamaduni wa kutungwa kwa mkono, mtungaji akifikiria njia ambayo mfumbuaji ataipita. Kisha Wayne Gould, jaji mstaafu kutoka New Zealand, aliliona Tokyo mwaka 1997, akaandika programu ya kuyatunga, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Mafumbo ya mashine na ya mkono sasa yamejaa kila mahali, lakini yale mazuri yanajulikana kwa jambo moja: yana njia ya hoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Utaratibu wa wikiendi hii

Fungua ukurasa wa mafumbo uchague lile la kiwango cha juu. Jaza yaliyo wazi. Andika vijinamba vyote. Tafuta namba iliyobanwa ndani ya boksi, kisha jozi za wazi, kisha zilizojificha. Ukikwama, chagua namba moja na utafute pembe nne zake. Ukikwama tena, zungushia duara vichumba vya vijinamba viwili utafute bawaba, halafu rangi, na minyororo iwe ya mwisho. Kila ukifuta hata kijinamba kimoja, rudi mwanzo wa orodha, kwa kuwa ufutaji mdogo mara nyingi hufungua jambo jepesi ambalo halikuwepo.

Ukimaliza, usifunge ukurasa bado. Chagua namba yoyote kati ya ulizoandika na useme kwa nini iko pale na si nyingine. Ukiweza kwa zote, fumbo umelifumbua. Ukishindwa kwa moja, rudi mpaka hapo ulifumbue upya, hata kama jedwali lote limejaa sawasawa.